Saa Kumi na Nne kwa Ndege

Kuna kurasa mtandaoni ambazo kazi yake ni moja tu: unaandika jina la mji huu na jina la mji ule, nazo zinakupa umbali wa ndege na muda wa safari. Niliandika Boston, nikaandika Entebbe. Mstari mwekundu ukajipinda juu ya bahari, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukaingia Afrika kwa upande wa magharibi na kutua kando ya ziwa letu. Kilomita elfu kumi na moja na kidogo. Saa kumi na nne. Chini yake palikuwa na picha ya familia moja ikicheka dirishani mwa ndege.

Nilikuwa dukani kwangu mjini Kasese, duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, karibu na steji ya magari ya Bwera. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu akingoja barua yake ya kuomba kazi. Nikamwambia mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Kaka yangu alikuwa amefariki Boston, na baba mdogo alikuwa akinipigia simu kutoka nyumbani, akikata, akipiga tena, na swali lake lilikuwa moja: "Ile ndege inatumia saa ngapi?"

Nikamsomea nilichokiona. Simu ikakatika kabla sijaongeza neno.

Ukurasa ule haukusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Saa kumi na nne ni za chombo kinachonyooka kutoka kule hadi huku bila kushuka popote, bila kusubiri mtu wala karatasi, na chombo cha namna hiyo hakipo. Kaka mwenyewe alipoondoka alikaa njiani karibu siku mbili. Alilala kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa nchi ambayo hakuona hata barabara yake, akanitumia sauti akilalamika kwamba miguu imevimba na viatu havivuliki. Nilijua hayo yote. Lakini mtu aliyefiwa hushika chochote kilicho karibu naye, na kilichokuwa karibu nami ni ile namba.

Tulikuwa wawili tu, yeye mkubwa na mimi mdogo. Baba alifariki tukiwa shule ya msingi. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Butembo, akavuka kuja kuolewa huku, na Kiswahili chake cha Kongo ndicho tulichonyonya pamoja na maziwa. Walimu walitucheka nacho. Kaka alipata kazi ya kutunza wazee kule Boston. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani wasiote vidonda. Nilimtania kwamba amekwenda kuogesha mama za watu na mama yake anapanda kilima na jerikani kichwani. Alicheka, lakini lilimchoma, kwa sababu wiki iliyofuata alitafuta fundi wa kutuletea tangi la maji. Tangi bado lipo. Ufa wake nimeuziba mwenyewe kwa lami.

Aliyenipa habari ni Mganda mmoja waliyepanga naye nyumba. Alisema kaka alirudi kutoka kazini, akaingia bafuni, akaanguka. Moyo. Alisema pia kwamba maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika alipomkuta, na sijui kwa nini aliona nilihitaji kujua hilo.

Nyumbani kwetu ni juu ya Bwera. Unapanda kwa bodaboda mpaka njia inapokataa, halafu unamalizia kwa miguu kati ya kahawa na migomba. Nilipofika, moto wa kilio ulikuwa umewashwa uani na wanaume wameuzunguka. Mama alikuwa ndani kwenye mkeka, wanawake wamemkalia kushoto na kulia. Alinitazama mikononi, kana kwamba ningekuwa nimemleta.

Na majembe yalikuwa yamelala. Hili inabidi nilieleze. Kwetu mtu akifa, hakuna anayetia jembe ardhini kabla marehemu hajaingia kwenye ardhi hiyo. Si wafiwa peke yao, ni kilima kizima, mpaka kwenye kijito upande huu na barabara ya shule upande ule. Ukikamatwa unalima unalipa mbuzi, na mbuzi huyo analiwa palepale kwenye kilio, mbele ya macho yako. Sijawahi kusikia mtu akiona ni jambo gumu. Mtu akifa kwetu leo anazikwa kesho, au kesho kutwa ikiwa kuna mtoto anatoka Kampala. Siku mbili za kupumzisha mgongo hazimuui mkulima.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliwahi kuvaa magwanda ya jeshi ujanani na hajayavua moyoni. Alisimama karibu na moto akapiga makofi.

"Sikieni hapa. Ndege inatumia saa kumi na ine. Leo iko Jumatatu. Hata kama Bazungu banachelewesha siku moja, Alhamisi tunazika. Majembe yote chini mpaka Alhamisi."

"Baba mdogo," nikasema, "hizo ni saa za kuruka tu. Bado kuna mambo ya hospitali, kuna vibali."

"Si wewe ulisoma?"

"Nilisoma, lakini..."

"Basi. Umesoma, tumesikia."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilimwona mmoja akianza kumweleza mwenzake ni ndizi zipi zikatwe Jumatano kwa ajili ya wageni. Ningeweza kupiga kelele. Lakini msichana hapandishi sauti juu ya baba yake mdogo mbele ya moto wa kilio, hata akiwa na duka mjini na nywele zimeanza mvi.

Alhamisi ikaja na kupita. Yule Mganda alinipigia jioni, kwake ikiwa mchana, akaniita dada na kuongea polepole kama mtu anayetembea juu ya utelezi. Mwili ulikuwa bado kwa daktari wa serikali, kwa sababu mtu akifa peke yake bafuni wanachunguza. Siku chache baadaye akasema daktari amemaliza, sasa kaka yuko kwa watu wa mazishi, inatakiwa karatasi ya ubalozi. Kisha kanisa lao lilikuwa linachangishana. Kisha ikawa ni kungoja nafasi kwenye ndege ya mizigo. Alisema neno hilo, mizigo, akaniomba radhi.

Wakati huo watu walikuwa wameshazoea kuniuliza kila wanaponiona: "Amefika wapi?" Walimuulizia kama mtu anayekuja kwa miguu, aliyeonekana jana Kasese na leo huenda yuko Kisinga. Nikajibu Boston. Kesho yake nikajibu Boston. Jina la mji ule likaanza kunuka mdomoni. Mama mmoja wa jumuiya aliponiuliza kwa mara ya pili asubuhi moja, nilimwambia asimame barabarani, akimwona anipigie. Aliondoka, na mchana alituletea sufuria ya viazi. Nilikula viazi vyake kwa aibu.

Mvua ya kwanza ilikuja Jumapili mchana. Tulikuwa uani, tukasogea wote chini ya turubai, na ile harufu ya udongo mkavu unaolowa ikapanda. Kutoka pale unaweza kuona mashamba yote ya kilima chetu, kila mtu analijua lake, na kila mtu alikuwa analitazama. Maharagwe kwetu huingia ardhini na mvua ya kwanza. Ukichelewa, yanachanua wakati mvua inakatika, na utakachovuna hakijazi kofia. Mzee aliyekaa karibu nami alikuwa anafungua na kufunga kiganja chake juu ya goti. Nadhani hata yeye hakujua anafanya hivyo.

Mvua ikanyesha tena. Ikanyesha tena. Watu waliendelea kuja kukaa nasi, maana ndiyo heshima, lakini soga zilikwisha. Waliokuwa wakija na unga walianza kuja mikono mitupu, na sikuwalaumu. Niliwaona vijana wakinong'ona, wakinyamaza nikipita. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kaka yangu. Natamani kulisema kwa namna nyingine, lakini ndivyo ilivyokuwa: niliogopa kwamba watu watamchukia, yeye ambaye hakuwahi kumkanyaga mtu.

Chini ya migomba yetu kulikuwa na kipande cha shamba ambacho mama alimwachia mjane mmoja wa upande wa Beni. Alikuwa amewakimbia wauaji, yeye na watoto wake, akavuka mpaka na alichovaa. Mwanamke mkimya, Mkatoliki wa kila asubuhi, rozari shingoni. Asubuhi moja, kukiwa ndiyo kwanza kumepambazuka, vijana walimleta mbele ya moto. Jembe lake alilibeba kijana mmojawapo. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini, kwa hiyo hapakuwa na kesi ya kusikiliza.

"Mbuzi," akasema baba mdogo.

"Sina mbuzi, Papa. Sina ata kuku."

"Basi jembe inabaki hapa."

Mama alitoka ndani. Tangu siku ya kwanza alikuwa hajavuka kizingiti isipokuwa kwenda chooni, na wanaume walishtuka wakampisha. Alikuwa amekonda shingo. Akamtazama yule mjane miguuni, si usoni.

"Ulipanda?"

"Mistari mbili tu, mama. Banikamata."

"Sababu gani hukungoja?"

Mjane aliinamisha uso, akasema na udongo.

"Mama, mi nilivuka mupaka na ile mbegu mu kitambaa. Kila mavuno ninabakisha kidogo, kila mavuno. Jana batoto balilia njaa, nikapika nusu. Ile nusu ingine, nikiipika, njo mwisho. Nisamehe. Mutoto yako alikuwa ananisalimia mu telefone."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kaka akiongea na mama kwa simu, aliomba kumsalimia kila aliyekuwa karibu.

Mama alichukua jembe mkononi mwa yule kijana akamrudishia mwenyewe. "Beba jembe yako. Ikae ku nyumba. Usilime bado," akasema. Kisha akaniita ndani, akawatoa wanawake wote, tukabaki wawili kwenye mkeka.

"Wewe unajua mashine," akaniambia. "Mutoto wangu anafika siku gani?"

"Mama, sijui."

"Si ulisema saa kumi na ine?"

"Ni saa za ndege ikiwa hewani."

"Na sasa iko hewani?"

"Hapana, mama. Yuko kwenye frigo ya maiti."

Alifumba macho. "Niambie siku. Siku moja tu. Ukisema ni siku ya Eid, nitangoja. Ukisema ni Krisimasi, nitatoka inje, nitabaambia batu, banichukie, nitangoja. Lakini nikuwe na siku."

Nilitoa simu, nikafungua ule ukurasa tena mbele yake kama mwehu. Nikaandika tena Boston, nikaandika tena Entebbe. Mstari ukajipinda juu ya bahari. Saa kumi na nne. Nilitafuta mahali pa kuandika jina lake, na karatasi yake ya ubalozi, na mvua. Mama aliusogeza uso wake karibu na kioo, akautazama ule mstari mwekundu, ingawa hajui kusoma.

"Haina siku," nikamwambia.

"Basi mutoto amepotea," akasema mama.

Nilielewa alichomaanisha kabla hajamaliza, nikamshika mkono. Kwetu kuna namna ya kumzika mtu ambaye hakuna awezaye kumleta: aliyechukuliwa na mto, aliyebaki vitani, aliyeingia msituni na hakutoka. Unakatwa mgomba, unafungwa shuka na nguo yake, unawekwa kaburini, analiliwa, na jambo linakwisha. Majembe yanainuka. Lakini linakwisha kweli. Mtu aliyezikwa kwa mgomba haliliwi tena. Hata mifupa yake ikipatikana baadaye, inafukiwa bila moto na bila chozi, kwa sababu aliyeliliwa mara mbili anaondoka na mwingine wa nyumba ileile. Na nyumba yetu ilikuwa imebaki na mtoto mmoja.

"Mama, hajapotea," nikasema. "Tunajua aliko. Atakuja. Akija utataka kumlilia, na utakuwa umejifunga mwenyewe."

"Ninajua."

"Mimi hayo mambo siyaamini."

"Wewe usiamini," akasema. "Mi nitaamini kwa ajili yako."

Baba mdogo alikataa katakata. Alisema mgomba ni wa watu waliopotea, na huyu ana frigo, ana daktari, ana ubalozi. Alisema saa kumi na nne haziwezi kumshinda mtu aliyesubiri mpaka hapo. Mama alimwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia, kisha akamwomba amwonyeshe kwa kidole, kutoka pale uani, mahali mtoto alipo. Baba mdogo aliinua mkono kuelekea mlimani, akaugeuza kuelekea ziwani, akaushusha.

Walikata mgomba asubuhi iliyofuata. Mama alitoka kuuangalia umelala kwenye nyasi na kusema ni mfupi, mtoto wake alikuwa mrefu. Wakarudi shambani wakakata mwingine. Ulifungwa shuka nyeupe na sweta lake la sekondari, lililokuwa limehifadhiwa sandukuni na nondo wameshaonja kola yake. Utomvu ulitoka na kuchora madoa ya kahawia kwenye shuka mahali ambapo kwa mtu pangekuwa tumbo. Katekista alisoma sala akiangalia pembeni. Sikumlaumu, hata mimi nilitaka kucheka, kicheko kibaya, nikaenda kujificha nyuma ya jiko.

Kisha mama akalia. Sitajaribu kueleza sana. Alilia kama mtu anayejua kwamba amepewa nafasi moja na hataki kuwa na deni nayo baadaye. Alimwita kwa majina yote, hata yale ya utotoni ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuyasikia. Alimlilia akiwa tumboni, akiwa mgongoni, akiwa shule, akiwa uwanja wa ndege na begi lake la kuazima. Wanawake waliokuwa wanamsaidia walichoka wakanyamaza, yeye akaendelea. Nilimlilia kaka pamoja naye, lakini kwa kweli zaidi nilimlilia mama.

Baba mdogo aliumwagia moto maji. Mchana uleule kilima kizima kikaanza kulia kwa majembe. Watu walilima hadi giza likawanyang'anya majembe, wengine walipanda kwenye matuta ambayo hayajakaa sawa. Yule mjane alipanda ile nusu ya mbegu. Mimi nilirudi Kasese, nikafungua duka, na yule mteja wa barua ya kazi alikuwa ameshapata kazi bila barua.

Mganda alipiga simu maharagwe yakiwa yamekaribia kuchanua. Sauti yake ilikuwa na furaha, maskini, alikuwa amehangaika kuliko ndugu. "Dada, amepata ndege. Ameshapaa." Naapa, kwa sekunde moja nilisahau kila kitu na kufurahi kwamba kaka anarudi nyumbani. Halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya duka, kati ya mabunda ya karatasi. Sikuwa nimemwambia habari za mgomba. Ungeanzia wapi?

Tulikwenda Entebbe na baba mdogo kwa gari la kukodi. Ghala la mizigo lilikuwa limejaa katoni za vipuri, na upande mmoja kulikuwa na maboksi ya vifaranga wa siku moja, wanalia mfululizo. Tulisubiri katikati ya kelele hiyo. Sanduku lilikuja limefunikwa kadibodi na plastiki, uzito wake umeandikwa, na upande mmoja limewekwa alama kuonyesha kichwa kiko wapi. Walitufungulia kidogo ili tuthibitishe. Alikuwa ni yeye. Alikuwa amenyolewa na mtu asiyejua kwamba kaka alikuwa akifuga masharubu.

Baba mdogo alimgeukia karani wa ghala. "Imetumia saa ngapi?"

"Njiani?"

"Hewani. Hewani peke yake."

Karani aligeuza karatasi zake, akahesabu kwa midomo. "Mbali na kusubiri? Kama saa kumi na tano hivi."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. "Ulisema kweli," akaniambia. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona kidevu chake kinatetemeka, nikashika ncha yangu ya sanduku.

Tulifika nyumbani siku ya pili, jua likiwa limechomoza vizuri. Hakuna aliyekuja barabarani kutupokea. Watu walikuwa mashambani wanapalilia, kama ilivyowapasa, maana kwao mtu huyu alikuwa ameshazikwa. Walitusalimia kutoka kwenye mistari yao kwa sauti ya kawaida, karibuni, poleni na safari, wakainama tena. Vijana wachache walikuwa wamechimba kando ya lile kaburi la kwanza, ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kutitia kwa sababu mgomba ulikuwa unaoza chini. Hapakuwa na moto, wala turubai, wala wanawake ndani. Katekista aliomba kwa sauti ndogo kama mtu anayebariki chakula.

Mama alisimama mbali kidogo na sanduku. Alikuwa amevaa nguo zake za shamba.

"Njo yeye?" akaniuliza.

"Ndiye, mama."

"Sura iko muzima?"

"Iko nzima. Unataka tukufungulie?"

Alitikisa kichwa. "Nikiona nitalia." Akauliza tena, "Anafanana na nani sasa?"

"Na baba."

Alisogea, akaweka kiganja juu ya mbao kwa muda mfupi, akasema, "Karibu," kwa sauti anayotumia kwa mgeni yeyote anayefika mlangoni. Akarudi nyuma.

Walipoanza kuteremsha kamba, jembe moja likanyamaza huko chini. Lilikuwa la yule mjane. Alisimama wima katikati ya maharagwe yake na rozari mkononi, anatutazama. Jirani yake akamwona, naye akasimama. Kisha aliye juu yao, kisha walio karibu na kijito, mmoja baada ya mwingine, mpaka kilima chote kikawa kimya na watu wote wamesimama. Hawakukusudia ubaya. Ilikuwa heshima, na walishindwa kuizuia. Lakini majembe yakilala mara ya pili, hicho ni kilio cha pili, na mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Nilimwona akigeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufiwe niliona hofu usoni mwake.

Aliingia jikoni akatoka na jembe lake. Akaenda kwenye maharagwe yetu, hatua chache tu kutoka kaburini, akaligeuzia kaburi mgongo.

"Limeni," akawaambia watu, bila kupaza sana. "Hapa hakuna kilio. Limeni."

Akainama akaanza kupalilia. Yule mjane alijifuta uso, naye akainama. Sauti za majembe zikarudi, chache, halafu nyingi, na kati yake nilisikia udongo wa kwanza ukianguka kwenye sanduku. Mama hakugeuka. Ni mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kugusa mche kwa jembe; alitufundisha sisi wote wawili kupalilia na alitupiga vidole tukikata hata jani. Sasa alikuwa anakwenda na mstari kwa haraka, akikata magugu, akikata na maharagwe, vyote vinalala pamoja nyuma yake na maua yake meupe. Nilimfuata nyuma, nikiyaokota.